Jangwa, milima na bahari ya Sur kwa siku moja: maswali ninayoulizwa na wageni

Kila ifikapo Novemba, joto la Maskati likishapungua, simu zinaanza: kutoka Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, na mara nyingine kutoka kwa jamaa walioko Uingereza. Mgeni anakuja Oman, ana siku moja tupu, na anataka kuona nchi yenyewe badala ya maduka. Jibu langu halijabadilika: kodi gari, toka alfajiri, uzunguke Sharqiya, upande wa mashariki wa nchi. Maswali yanayofuata nayo hayabadiliki, ndiyo maana nimeyaandika yote hapa.

Njia yenyewe inapita wapi?

Unatoka Maskati kwa barabara ya Nizwa, unapanda kidogo hadi Bidbid, hapo unaiacha Nizwa na kushika barabara kuu ya Sharqiya inayoelekea Sur. Unapita kati ya milima hadi Ibra, unateremka Bidiya ambako mchanga unaanza, kisha unapanda tena milimani kuingia Wadi Bani Khalid. Kutoka huko unashuka Sur, mji wa majahazi, na kurudi Maskati kwa barabara ya pwani inayopita Qalhat na Quriyat, mlima mkono wa kushoto na bahari mkono wa kulia. Duara zima ni takribani kilomita 550 hadi 600, kutegemea umeanzia mtaa gani na umechepuka mara ngapi.

Kwa nini usinipeleke Nizwa na Jabal Akhdar, kama wanavyokwenda wageni wengi?

Nizwa ni pazuri, na ngome yake ya karne ya 17 inastahili siku yake. Jabal Akhdar ni pazuri zaidi, hasa Aprili waridi linapovunwa. Lakini kule juu huruhusiwi kupanda bila gari la 4x4, maana kuna kizuizi cha polisi pale Birkat al Mawz, na jangwa hutaliona.

Sababu yangu kubwa ni nyingine. Njia hii ya Sharqiya ndiyo waliyoipita wengi wa wale waliokuja kwetu Unguja. Watu walitoka Ibra, Mudhairib na Bidiya, wakavuka milima kwa ngamia hadi Sur, wakapanda jahazi na kungoja kaskazi iwapeleke Zanzibar. Sisi tulisoma skuli kwamba Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja, lakini hatukufundishwa ilikuwaje kwa mtu wa kawaida aliyetoka kwenye mitende yake. Ukiendesha njia hii kwa siku moja unaelewa kwa macho: mchanga upande mmoja, mawe upande wa pili, na bahari mwisho wa njia.

Siku moja inatosha kweli?

Inatosha ukitoka saa 11 alfajiri. Ukitoka saa 2 asubuhi kwa sababu watu walikuwa wanatafuta chaja, haitoshi, na utakachokikosa ni Sur.

Ratiba yangu ni hii. Saa moja na nusu asubuhi muwe Bidiya, mchanga bado wa baridi. Saa 4 mnaondoka. Saa 5 mko Wadi Bani Khalid, mnaoga, mnakula, mnapumzika mpaka saa 8. Saa 9 na nusu mnaingia Sur. Saa 11 jioni mnashika barabara ya pwani, na jua linazama nyuma ya milima mkiwa njiani. Saa 2 usiku mko nyumbani.

Mtu huniuliza kama anaweza kuigeuza, aanzie Sur. Anaweza, lakini atafika mchangani adhuhuri, na saa hiyo jangwa halina umbo. Jua likiwa utosini vivuli vinakufa, matuta yote yanakuwa kitambaa kimoja cheupe, na mchanga unaunguza nyayo. Asubuhi kila tuta lina upande wa mwanga na upande wa giza, na unaziona nyayo za kila mdudu aliyepita usiku. Sharti la kuanzia na mchanga ni jua kukupiga machoni kati ya Ibra na Bidiya. Vaa miwani.

Gari dogo linatosha, au lazima 4x4?

Barabara yote niliyoitaja ni lami nzuri, pamoja na ile ya kupanda Wadi Bani Khalid yenye kona nyingi. Gari dogo linatosha. Kinachohitaji 4x4 ni kuingia ndani ya mchanga peke yake, na hata ukikodi 4x4 usome mkataba kwanza, kwa sababu mikataba mingi inakataza mchanga. Mimi mwaka mmoja sikuusoma. Gari lilizama mchangani, rimu ikapinda wakati wa kulivuta, na waliolikodisha wakanitoza fedha ambayo ingetosha kumlipa dereva wa Bidiya kwa siku tatu. Tangu hapo naliacha gari dogo kwenye lami na kumkodi kijana wa pale mwenye gari lake.

Nimezoea kuendesha kushoto. Nitaweza?

Utaweza, ila usijifunzie safarini. Oman wanaendesha kulia. Siku moja kabla, zunguka mtaani usiku magari yakiwa machache, hasa kwenye kipilefti: aliyemo ndani ndiye mwenye haki, na atakuja kutoka kushoto kwako. Kosa la watu wetu hutokea wanapotoka kituo cha mafuta pahali pasipo na magari, mkono unawapeleka upande wa kushoto wenyewe. Abiria wa mbele apewe kazi ya kukumbusha "kulia, kulia" kila mnapotoka mahali.

Kwenye barabara kuu mwendo wa mwisho kwa kawaida ni 120, na kamera ziko nyingi kuliko tochi za trafiki Tanzania Bara. Faini ya gari la kukodi itakufuata hadi kwa aliyekukodisha. Ngamia nao wapo, wenye wenyewe, na usiku hawaonekani mpaka umewafikia. Beba leseni ya nyumbani na ya kimataifa. Namba ya dharura ni 9999.

Mawe meusi yale baada ya Bidbid ni makaa?

Swali hili nalipenda. Si makaa. Ni sakafu ya bahari. Karibu miaka milioni 95 iliyopita kipande cha gamba la dunia lililokuwa chini ya bahari kilisukumwa kikapanda juu ya ukingo wa bara la Arabuni, na kikabaki hapo. Wanajiolojia wa dunia nzima huja Oman kukitazama, kwa sababu mahali pengi lazima uzamie maelfu ya mita kuona mawe kama hayo, na hapa unayagusa kando ya lami. Ndiyo maana milima ile haina udongo, haina nyasi, na ina rangi ya kahawia iliyoungua. Baadaye, ukipanda Wadi Bani Khalid, jiwe linageuka kuwa chokaa, lenye rangi ya kijivu na krimu, na maji yanaonekana. Simamisha gari mahali salama, mpe mtoto jiwe moja la kila upande alishike. Atalikumbuka kuliko picha.

Nimwone nani Bidiya, na mchanga nitauona wapi bila kuzama?

Ukifika Mintarib, mji mdogo wa Bidiya, mchanga uko nyuma ya nyumba kabisa. Unaegesha penye lami, unavua viatu, unapanda tuta la kwanza kwa miguu. Kwa familia nyingi hilo linatosha, na ni bure.

Ukitaka kuingia ndani, vijana wenye magari wako pembezoni mwa mji. Patana bei kabla ya kupanda, na useme wazi kama hutaki kurushwa kwenye matuta. Wengine wanadhani kila mgeni anataka kupiga kelele. Mwenye mimba au mgongo mbovu asirushwe.

Ukiendesha mwenyewe, sheria ni chache na hazina mjadala. Punguza upepo wa tairi kutoka 35 hadi 15 au 18. Muwe magari mawili. Usipite ubavuni mwa tuta, panda na kushuka kwa kunyooka, kwa sababu gari likilala ubavu litabiringika. Likizama, usikanyage mafuta, unalichimbia kaburi. Shuka, toa mchanga mbele ya matairi, punguza upepo zaidi. Ukirudi kwenye lami jaza upepo kabla ya kwenda popote. Karakana za kujaza ziko pale pale.

Hapa kuna jambo ambalo wageni wangu wengi huwa hawalijui. Mchanga huu, unaoitwa Wahiba kwa jina la kabila na siku hizi Sharqiya kwa jina la mkoa, umepangwa kwa matuta marefu yanayokwenda kusini kwenda kaskazini. Yamejengwa na upepo unaotoka kusini-magharibi katikati ya mwaka, wakati wa joto kali la Oman. Upepo huo tunaujua. Ni kusi, ule ule uliokuwa ukiyarudisha majahazi kutoka Zanzibar hadi Sur. Kila ninaposimama juu ya tuta naufikiria: upepo mmoja ukijenga mlima wa mchanga huku na kumrudisha mtu kwao kule.

Wadi ni nini hasa, na kweli watu hufa humo?

Wadi ni bonde la mto ambalo mwaka mzima linaweza kuwa kavu, au na vidimbwi tu, na siku moja likajaa kwa dakika. Na ndiyo, watu hufa. Aprili 2024 mvua kubwa ilipiga Sharqiya, na gari lililobeba wanafunzi likasombwa Samad al-Shan. Watoto wakafa. Hapo ni mahali unapopita jirani yake katika safari hii.

Mvua inaweza kunyesha mlimani usikokuona wewe ukiwa juani. Kwa hiyo soma utabiri usiku wa kuamkia safari. Kukitajwa mvua ya milimani, ahirisha. Ukiwa ndani ya bonde ukaona maji safi yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, au ukasikia mngurumo, panda juu mara moja na uache vyombo. Barabara ikiwa na maji yanayokimbia, usivuke hata kama gari la mbele limevuka. Sheria ya Oman inamwadhibu anayevuka, na mimi naona ni sheria ya haki.

Wadi Bani Khalid tuvae nini, na ni pazuri kama wanavyosema?

Ni pazuri. Umeendesha saa nyingi kati ya mawe yasiyo na kitu, ghafla mitende, kisha madimbwi ya maji ya kijani-buluu, na samaki wadogo wanaokuja kudonoa ngozi ya miguu. Maji yapo mwaka mzima. Bonde ni kijiji cha watu, lina mashamba na mifereji, na wenyeji wanaishi humo.

Mwanamume aoge na fulana na kaptula inayofunika magoti. Mwanamke avae nguo ndefu isiyobana. Wageni wetu wa Kizanzibari hawana shida hapa. Wanaoniletea mashaka ni vijana waliozoea fukwe za hoteli. Dimbwi la kwanza ni pana na lina kina, kwa hiyo asiyejua kuogelea akae ukingoni. Kila mwaka naona baba mzima anajitupa kwa kufuata wengine.

Ukitembea juu ya bonde kuna pango linaloitwa Muqal. Mawe ya njiani yanateleza, na ndani utahitaji tochi ya mkono. Mwenye wazazi wazee awaache kivulini kwenye mitende na thermosi ya kahawa. Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko ya wiki huku, na bonde linajaa. Njoo siku nyingine ukiweza.

Tule nini?

Mshikaki. Wao wanauita mishkak, na unauzwa kandokando ya barabara jioni. Asubuhi nunueni chapati na chai ya maziwa Ibra. Mchana beba chako, wali au mikate, kwa sababu bondeni hakuna chaguo kubwa. Tende nunua njiani. Haluwa utaijua kwa harufu. Ile ya Unguja ni mtoto wa hii. Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, hata kama hufungi.

Swala?

Misikiti iko kila mji, ina maji na vyoo safi. Msafiri anapunguza na kukusanya, kwa hiyo Adhuhuri na Alasiri mnazimaliza pamoja. Ijumaa maduka yanafungwa mchana, panga mafuta mapema.

Nitapata wa kuzungumza naye Kiswahili?

Utapata, na pengine usipotarajia. Waomani wengi waliozaliwa Zanzibar walirudi baada ya 1964, na wengine baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita watu wake warudi. Sharqiya ina nyumba nyingi za namna hiyo. Mara moja nilipotea Mudhairib, nikamuuliza mzee mmoja njia kwa Kiarabu changu cha sokoni. Alinitazama, akasema: "Umetoka wapi, mwanangu?" Nikamwambia Unguja. Akauliza mtaa, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mwembe fulani wa mtaa ule bado upo. Haukuwapo tena, na sikuwa na moyo wa kumwambia.

Ukimkuta mtu mzima, anza na salamu ya dini, kisha jaribu "shikamoo" taratibu. Ikiitikiwa, kaa, maana hutaondoka bila kahawa. Lakini usidhani kila mtu anajua, wala usimuulize mtu kwa nini walirudi. Wengi walipoteza watu.

Sur kuna nini?

Watu wengi wanaipita Sur wakikimbilia nyumbani. Hapo ndipo ninapobishana na wageni wangu.

Ingia mjini ufike karakana ya majahazi. Mafundi bado wanajenga kwa mbao, na ukiomba kwa adabu utaruhusiwa kuingia. Utasikia harufu ya mbao na mafuta ambayo mtu wa Nungwi au Lamu ataitambua akiwa amefumba macho. Si mbali na hapo limewekwa jahazi la Fatah al-Khair, aina ya ghanja, lenye shetri iliyochongwa nakshi. Lilijengwa Sur mwaka 1951, likaishia ugenini, na mwaka 1993 likanunuliwa tena kutoka Yemen na kurudishwa kwao. Simama karibu na ubavu wake upime ukubwa: hicho ndicho chombo kilichokuwa kikivuka bahari nzima kwa tanga.

Vyombo vya Sur vilishuka na kaskazi vikiwa na tende, chumvi na samaki mkavu, vikapanda na kusi vikiwa na karafuu na boriti za mikoko za Rufiji na Lamu, kwa kuwa Oman haina miti ya kuezekea. Vilibeba watumwa pia. Sipendi mtu anayesimulia Sur akaishia kwenye karafuu. Kati ya waliopandishwa majahazini kwetu wako ambao hawakutaka kuja huku, na wajukuu zao ni watu wa mji huu hadi leo. Nawaambia wanangu yote mawili wakiwa wamesimama pale pale.

Kisha vuka daraja lililoning'inizwa uende Ayjah, upande wa pili wa hori, kwenye mnara wa taa. Saa 10 na nusu jioni mji mweupe wote unaonekana. Nusu saa tu.

Na Qalhat, Wadi Shab, Hawiyat Najm?

Wadi Shab iache. Inataka mashua, mwendo mrefu wa miguu na kuogelea, ni siku nzima. Hawiyat Najm, lile shimo lenye maji ya samawati ambalo wenyeji husema nyota iliangukia, ni chokaa iliyolika na maji ikaporomoka. Majira ya baridi jua huzama kabla hujafika. Iache pia, labda uwe umeamka mapema kuliko ninavyokuamini.

Qalhat nayo utaipita kwa gari tu, lakini ujue unapita nini. Ilikuwa bandari kubwa, imeingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2018, na kilichosimama hadi leo ni kaburi la Bibi Maryam lenye kuba lililobomoka. Ibn Battuta, baada ya kufika Kilwa mwaka 1331, alikuja pwani hii. Aliteremka Sur, akaiona Qalhat akadhani ni karibu, akaamua kwenda kwa miguu. Aliyemwongoza akawa na nia ya kumwibia nguo, na alifika miguu imevimba. Katika maandishi yake amemtaja Bibi Maryam aliyejenga msikiti pale, na neno hilo "bibi" ameliandika vile vile tunavyolisema. Umbali ule wewe utauvuka kabla ya kumaliza kikombe cha chai.

Mwezi gani mzuri?

Novemba hadi Machi. Oktoba na Aprili inavumilika. Juni hadi Agosti joto la ndani ya nchi, mbali na pwani, linapita nyuzi 45, na gari likiharibika una hatari ya kweli. Sikupeleki.

Gharama kubwa ni ipi?

Kukodi gari. Mafuta ni rahisi: lita moja imekuwa chini ya robo ya riyali. Jaza tangi Ibra, jaza tena Sur. Maji ya kunywa yawe katoni nzima, hata kama mko wanne.

Bibi yangu anataka kuona kijiji alikotoka baba yake. Nimchukue?

Mchukue. Ila usimchukue katika duara hili lote. Kata safari: Maskati, Ibra au Mudhairib, Bidiya dakika chache, kisha mrudi. Mudhairib ina nyumba kubwa za kale zenye milango ya kuchonga na minara ya ulinzi juu ya vilima, na mzee ataona milango hiyo akadhani yuko Mji Mkongwe.

Kabla ya kuondoka mwandike jina lake kamili na nisba, yaani jina la kabila, jina la baba na babu, na jina la mtaa kama analikumbuka. Fika asubuhi msikitini au kwenye duka la zamani, toa karatasi. Kwa kawaida mtu wa kwanza hajui, ila anamjua anayejua. Mkifika, mwache bibi ashuke kwanza na asemeshwe yeye. Beba kiti cha kukunja, kwa sababu mitaa ya kale gari haliingii, na kitambaa cha kufungia mawe, maana nimewapeleka wazee watatu na wote watatu waliokota jiwe.